Mchanga Huonjwa

MUSA: Haya, karibuni. Salma, leo nimekuja na msiba wa jiwe.

SALMA: Lile pango la saruji na mchanga ulilowatengenezea mbuna, samaki wako wa tangini?

MUSA: Lile lile. Wiki nne limelala kwenye ndoo, kila baada ya siku mbili nabadilisha maji. Jumanne nalinyanyua, likakatika mkononi kama kashata. Nikasugua pale lilipovunjikia, kidole gumba kikatoka chekundu.

SALMA: Udongo.

MUSA: Udongo. Nikachukua mchanga uliobaki kwenye kiroba, nikatia nusu chupa, maji juu, nikatikisa, nikaulaza mpaka asubuhi. Tope limekaa juu ya mchanga, unene wa kidole! Na aliyeniuzia aliniapia ni mchanga wa Mto Mpiji.

SALMA: Pole, kaka. Lakini kipimo cha chupa hutangulia saruji. Udongo ukishaifunika chembe, saruji inashika udongo, mchanga haigusi. Kwani hukuonja?

MUSA: Kuonja mchanga?

SALMA: Marehemu babu alikuwa mwashi. Lori likimwaga, kabla ya koleo anachota kiganjani, punje mbili ulimini. Chumvi anaijua papo hapo. Kisha anatafuna kidogo: mchanga safi unakwaruza, wenye udongo unateleza.

MUSA: Subiri. Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu alifunga udongo wa kula kwenye pindo la khanga. Nikamwibia kipande. Unateleza kweli! Na ladha yake ni ile harufu ya mvua ya kwanza.

SALMA: Wa sokoni, ule wa vipande virefu? Mimba yangu ya kwanza nilikuwa nalala nao chini ya mto. Mume akiuficha, naufuata kwa pua.

MUSA: Ulikuwa unapenda wa kuchomwa au mbichi?

SALMA: Wa kuchomwa, una moshi kidogo. Mbichi unaganda kwenye fizi.

MUSA: Wasikilizaji, tulikuwa kwenye mchanga.

SALMA: Tupo palepale. Ulimi wa mjamzito ungeliokoa jiwe lako. Mimi nakwambia kila siku, chukua mchanga wa pwani, uoshe mpaka ulimi usisikie chumvi. Una vipande vya makombe, ukidondoshea siki unatoa povu. Hiyo ni chokaa, na mbuna wa Ziwa Nyasa wanataka maji magumu, yenye chokaa nyingi.

MUSA: Hapana, dada. Chembe zake laini, za mviringo, za saizi moja. Saruji inataka chembe zenye kona, kubwa na ndogo zikijazana. Na fukwe zetu zinaliwa na bahari, sisi tena tukachote?

SALMA: Ndoo moja, Musa.

MUSA: Kila mtu na ndoo yake moja.

SALMA: Na mto je, hauchimbwi? Kingo zinaporomoka. Na chumvi inaogopwa kwa sababu ya nondo. Jiwe letu nondo liitoe wapi?

MUSA: Mimi wa pwani sitii kwenye tangi langu.

SALMA: Na mimi lako limevunjika, langu lina mwaka wa pili.

MUSA: Limevunjwa na udongo, mto hauna kosa!

SALMA: Sawa, shikilia hapo, nami nashikilia hapa.

MUSA: Dakika mbili zimebaki. Kulikuwa na vipimo vya saruji, chumvi ya mawe ya kutoboa matundu kwenye jiwe, kupima pH, yaani uasidi wa maji, kabla ya kutia samaki…

SALMA: Hatuwahi. Kesho niletee hicho kipande, nikionje.

MUSA: Chenye saruji huonji, kitakuunguza ulimi. Nitakuletea chupa.