Kazi Ikifa, Hakuna Anayetandika Jamvi

Mhadhara kwa waliopunguzwa kazini na vijana wanaotafuta ajira, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, marahaba.

Kwenye kadi ya mwaliko imeandikwa kwamba nitazungumzia kujiajiri. Nitafika huko. Ila wanaonijua tangu nilipokuwa ustawi wa jamii wanajua kwamba mimi sianzii hapo, na leo pia sitaanzia hapo. Nimechoka kuona watu wanafundishwa kutengeneza sabuni ya maji wakati kifua bado kimejaa kilio. Semina ya siku tatu, cheti, picha ya pamoja, kisha mtu anarudi nyumbani anajifunika shuka saa nne asubuhi.

Mtu akifiwa hapa Ngamiani, kabla ya adhuhuri jamvi limeshatandikwa. Huyu analeta sukari, yule analeta kuni, na mfiwa haulizwi kesho atafanya nini. Kazi ikifa hakuna anayetandika jamvi. Unapewa barua Ijumaa, Jumamosi unaulizwa, "Sasa una mpango gani?" Jumapili shemeji anapiga simu kukueleza habari za kuku wa mayai. Hujalia, hujalala, hujamweleza hata mama yako, tayari unatakiwa uwe mjasiriamali. Mimi nasema kupoteza kazi ni msiba, na msiba usipoliliwa mahali pake utajitokeza mahali pengine. Utautoa kwa watoto, au kwenye chupa, au kwenye biashara utakayoifungua kwa hasira.

Nitawaeleza habari ya bwana mmoja. Wengine mmeshanisikia nikiisimulia, nivumilieni, maana nitaisimulia mpaka watu waache kuirudia. Jina lake na kiwanda chake tuviache. Alikuwa fundi mitambo, kazi ya vumbi. Ovaroli yake ikilowekwa kwenye beseni, maji yanakuwa kama uji. Watu wakapunguzwa, naye akiwamo. Nyumbani hakusema. Asubuhi iliyofuata alivaa ovaroli, akapanda baiskeli kama siku zote, akashika njia ya Pongwe. Akifika mbele huko anakaa chini ya mwembe mpaka jua lipinduke, ndipo anarudi.

Mkewe alijua wiki ile ile ya kwanza. Alifua ovaroli, maji yakabaki meupe.

Sasa tazameni mateso ya watu hawa. Mke anajua, ananyamaza ili amsitiri mumewe. Mume ananyamaza ili mke asiingiwe na hofu. Wanalala kitanda kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kumficha, na usingizi hawaupati wote wawili. Mama yule akaanza kukaanga mihogo jioni nje ya nyumba, akimwambia mumewe kwamba anatafuta hela ya kuchangia harusi za watu. Ilikuwa hela ya unga.

Lilipofumuka, akiba imekwisha. Akaja kwangu na barua yake. Nikasoma tarehe, nikashika kichwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kupunguza wafanyakazi kufuate utaratibu: watu wapewe taarifa, waelezwe sababu, pafanyike mashauriano. Kwake halikufanyika hata moja. Alikuwa na hoja nzuri kabisa. Lakini anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii mnayoiita CMA. Siku 30 tangu aachishwe! Yeye siku zake zote zilikuwa zimeishia chini ya mwembe. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila utatakiwa utoe sababu yenye uzito, na ukiandika kwenye fomu kwamba ulikuwa unaona haya, usitegemee kwamba utaeleweka kirahisi.

Mnaona kwa nini sianzi na sabuni ya maji? Aibu ilimnyang'anya bwana yule haki yake kabla hata mwizi hajafika.

Na habari haijaisha. Kuna fedha kidogo alizipata baadaye. Ndugu yangu huyu, fundi wa mitambo, mtu anayesikiliza mashine inavyonguruma akakuambia ni beringi ipi imekwisha, akaenda kukodi fremu barabarani, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Bei za jumla za misumari hazijui. Nani anakopesheka na nani hakopesheki, hajui. Nilimuuliza, kwa nini duka? Akajibu kwamba alitaka watu wa mtaani wakipita waone bado yupo. Duka lile halikufunguliwa kwa ajili ya wateja, lilifunguliwa kwa ajili ya wasemaji. Mwaka haukuisha, fremu ikarudi kwa mwenyewe.

Leo anatengeneza mashine za kusaga na pampu za maji, anakwenda mpaka Muheza na baiskeli ile ile. Hajawa tajiri. Ada za watoto analipa. Kazi hiyo alikuwa nayo mikononi tangu siku ya kwanza, lakini aliiona ndogo, kwa sababu alikuwa akiipima kwa macho ya watu.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mama, njaa haingoji matanga." Kweli, haingoji. Hata msibani watu wanapika. Sijasema mtu akae mwaka mzima anajililia. Nasema tutenganishe hela ya kula na hela ya kuanza. Hela ya kula itafute leo leo: kibarua, kubeba mizigo Deep Sea samaki wakishuka, kukaa na mke mkakaanga mihogo pamoja. Hiyo haina aibu na haihitaji mpango wa biashara. Lakini kiinua mgongo chako, ambacho kwa sheria ni walau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka 10, usikiweke kwenye kitu chochote wakati bado unaamka usiku unagombana na bosi wako kichwani. Mtu aliye katika hali hiyo hachagui biashara, anatafuta ushindi.

Na kama ulikuwa unachangia NSSF, kaulize fao la kukosa ajira. Ukiwa umechangia walau miezi 18, na hukuacha kazi kwa hiari yako, kuna asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita. Watu wanaliacha kwa sababu hawataki kuonekana kwenye foleni. Foleni ile wamo watu wazima wenzako, kapange!

Kuna jambo jingine nalipenda sana, na naomba mnipe muda. Mwaka 1931, huko Austria karibu na Vienna, watafiti walikwenda kwenye kijiji kinaitwa Marienthal. Kijiji kizima kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, nacho kilikuwa kimefungwa. Mmoja wa watafiti alikuwa dada anaitwa Marie Jahoda, kijana tu wa miaka ishirini na kitu. Walitazama hata watu wanavyotembea barabarani. Wanaume wasio na kazi walikwenda polepole, wakisimamasimama njiani. Wanawake walipita haraka, kwa sababu nyumbani kuna maji, chakula, watoto. Wao mshahara ulikatika lakini kazi haikukatika. Walitazama maktaba pia. Ungedhani mtu akipata nafasi atasoma zaidi. Uazimaji wa vitabu ulishuka! Muda ulikuwa mwingi mno hata ukakosa thamani, na mwanaume akiulizwa leo umefanya nini, hakumbuki.

Sasa pita barazani kwetu asubuhi uone kama kijiji kile kiko mbali. Siwasemi vibaya wanywa kahawa, baraza limeponya wengi, na mtu akikaa na wenziwe ni bora kuliko kujifungia chumbani. Ninachokieleza ni kwamba kazi haikuwa mshahara peke yake. Ilikuamsha. Ilikukutanisha na watu ambao si wa ukoo wako. Ilikupa jina: fundi, karani, dereva, mwalimu. Siku moja usipofika, mtu aliuliza uko wapi. Vyote hivyo vimekwenda siku moja na barua moja, na hakuna anayekuhesabia isipokuwa mshahara. Kwa hiyo kabla hujapata kipato, rudisha hivyo vingine. Amka saa ile ile. Oga, vaa, toka. Jipangie shughuli moja ambayo mtu mwingine anakutegemea uifanye: kufundisha watoto wa madrasa hesabu, kufagia msikiti au kanisa, kumpeleka mzee kliniki. Atakayesema kazi isiyo na malipo ni upuuzi hajawahi kukaa bila kazi.

Halafu kuna wale wanaotafuta mchawi. Nasema hili hapa hapa Tanga, na sitapunguza sauti. Mtu ameachishwa, anaambiwa amefungwa, nyota yake imechukuliwa, na kiinua mgongo kinakwenda kwa mganga. Wazee mlioko hapa mnaukumbuka mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani zaidi ya 230,000, hakuna nchi iliyotufikia duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki za bei rahisi, na usimamizi wa mashamba yetu wenyewe ukayumba, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 tunazungumzia tani kama 20,000. Manamba wale, vibarua wa mashamba ya mkonge, waliokosa kazi, walirogwa wote? Walikuwa wavivu wote? Baba zenu walikuwa wakiamka alfajiri gizani wakakate mkonge. Kazi inaweza kukuacha kwa sababu ya bei ya uzi katika nchi usiyoijua. Kumwambia mtu huyo kwamba hakujituma ni dhuluma, na inaniudhi zaidi inapotoka kwa mtu mwenye mshahara.

Na wewe kijana uliyemaliza chuo ambaye hiyo kazi ya kupoteza hujaipata bado, nakuona. Wako ni msiba usio na maiti. Umetuma barua, hujibiwi hata kwa kukataliwa, na nyumbani kila simu yako ikilia mama anainua uso. Mzazi, punguza kuuliza. Muulize amekula, muulize amelala. Akipata kazi hatasubiri umuulize.

Huzuni ikizidi wiki mbili mfululizo, usingizi hauji au haukatiki, chakula hakipiti, au unaanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo ni sonona. Ni ugonjwa kama malaria. Nenda hospitali, nenda Bombo pale, useme kwa mdomo wako. Wanaume hasa. Mnafika hospitali mnasema mgongo unauma, mnapimwa mgongo miezi mitatu.

Naonyeshwa saa. Haya, kujiajiri, kwa haraka.

Anza na unachokijua, usianze na alichofungua jirani. Mtaa una mawakala wa fedha watano wanaotazamana, na wewe unataka kuwa wa sita. Usikodi fremu kabla hujauza. Uza kwanza kwenye meza, kwenye beseni, kwa kuzunguka na baiskeli, mji huu unapitika kwa baiskeli, mshukuru Mungu. Machungwa ya Muheza usiyanunue kwa gunia kabla hujayauza kwa ndoo. Daftari liwe mbili, la nyumbani na la biashara, na mtoto akitaka hela ya soda itoke kwenye la nyumbani. Jilipe hata kidogo, ili usijichotee mtaji. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mtaani, ikimbie; wakopeshaji wake wanachukua kitanda, wanachukua jiko, wanarudi kuchukua heshima. Halmashauri ina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waulizeni maafisa maendeleo ya jamii kwenye kata zenu. Kabla ya kuunda kikundi, chunguza unaungana na nani, maana deni mtalibeba wote. Mafunzo ya ufundi yapo VETA, wanaosaidia viwanda vidogo wapo SIDO. Nilitaka kusema habari ya kodi na leseni, muda hautoshi, mtanikuta nje.

Kujiajiri si lazima kwa kila mtu, na hilo waandaaji watanisamehe. Wapo watu wanaofanya kazi vizuri sana wakiwa na kiongozi juu yao na mshahara mwisho wa mwezi. Hao si dhaifu. Watafute ajira nyingine, na katikati wafanye kinachowaweka hai.

Tuingie kwenye maswali. Ila kabla ya swali la kwanza: nani hapa ana barua ya kuachishwa kazi ambayo haijafikisha siku 30? Usinyooshe mkono kama hutaki, najua. Kuna kijana amekaa karibu na mlango mwenye shati la bluu, anajua kujaza fomu ya CMA. Mkabidhi barua yako, aangalie tarehe kwanza, mengine mtazungumza baadaye.