Diski Mbili, Kila Moja na Mlango Wake

Ndugu zangu mafundi, mwaka jana nililetewa kompyuta ya mwanafunzi yenye SSD mbili: Windows kwenye moja, Ubuntu (aina ya Linux) kwenye nyingine. Diski ya Windows ilikuwa imekufa. Mwenyewe akaichomoa bila wasiwasi, maana tasnifu yake ilikuwa upande wa Ubuntu. Akawasha kompyuta: giza tupu. Tasnifu ilikuwepo, ila cha kuiamsha Ubuntu kilikuwa kimekaa kwenye diski iliyokufa.

Hapa naomba tutulie. Kompyuta za siku hizi huwaka kwa UEFI, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya mfumo wowote, nayo hutafuta patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT32 iitwayo ESP, ambamo butiloda, yaani programu ya kuuamsha mfumo, huwekwa. Windows hujitengenezea yake, mara nyingi ya megabaiti 100. Sasa, Ubiquity, kisakinishi cha Ubuntu cha miaka mingi, kilikuwa na kasoro inayojulikana: hata ukikiambia kiweke butiloda kwenye diski ya pili, kiliipeleka kwenye ESP kiliyoikuta diski ya kwanza. Kijana wa watu alichagua sawasawa kabisa, na bado akaumia. Jambo hili linaniuma, kwa sababu skrini haikumwonya.

Kwa hiyo mimi siku ya kusakinisha Ubuntu huchomoa diski ya Windows. SSD ya M.2 ni skrubu moja tu. Ubuntu ikijikuta peke yake itatengeneza ESP yake, kisha unairudisha Windows mahali pake. Mfumo wa kuwaka unauchagua kwa kubonyeza F12, F11 au F8 unapowasha, kutegemea mtengenezaji. Wako wanaopenda GRUB, butiloda ya Ubuntu, iwaonyeshe mifumo yote. Sawa, lakini tangu GRUB 2.06 utafutaji wa mifumo mingine umezimwa usipouwasha mwenyewe, na nimeona watu wakidhani Windows yao imefutika.

Kabla hujagusa chochote, mwulize mwenye mashine kama BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, imewashwa. Ukibadilisha mipangilio ya Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua butiloda, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao anaweza kupoteza kila kitu. Zima pia Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka: ikiwepo, ukizima kompyuta Windows haizimiki kabisa, na ukiandika kwenye patisheni yake ukiwa Linux unaweza kuharibu mafaili.

Halafu saa. Linux huiandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, basi ukitoka Ubuntu saa nne asubuhi, Windows itakwambia ni saa moja. Ndani ya Ubuntu, kwenye terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, yameisha.

Yule mwanafunzi nilimwashia kwa flashi ya Ubuntu, nikapunguza patisheni yake kubwa, nikakata ESP mpya kwenye diski iliyobaki na kuisakinisha GRUB humo. Ikawaka, ikakwama tena, kwa kuwa faili la fstab, orodha ya patisheni za kufunguliwa Ubuntu inapowaka, lilikuwa bado linaitafuta ESP ya diski iliyokufa. Nikabadilisha UUID, namba ya utambulisho wa patisheni, kwenye mstari ule mmoja. Alipoiona tasnifu yake aliinakili kwenye flashi mbili kabla hata hajakaa.

Waliokuja na kompyuta, zileteni hapa mbele. Tuanze kwa kutazama ESP iko diski gani.