Saa moja ya umeme kwa neva ya kidole

ZUHURA: Haya karibuni tena wapendwa, leo ni neva za vidole, hizi zinazokatwa na kisu au glasi, na hii habari ya kuzipitishia umeme siku ileile ya upasuaji. Na Baraka leo hajaja na karatasi tu, kaja na kidole.

BARAKA: Nimekuja nacho dada. Hiki cha shahada, mkono wa kulia. Glasi ilinipasukia naosha vyombo, kidonda chenyewe kidogo tu hapa kwenye shina la kidole, nkaenda hospitali wakanishona ngozi, wakafunga bandeji, nkarudi nyumbani. Hakuna aliyenigusa ncha ya kidole akaniuliza, hapa unasikia? Hilo mpaka leo linaniuma.

ZUHURA: Na ni swali la sekunde tano tu.

BARAKA: Sekunde tano! Mi ile ganzi nkajua ni ya sindano, ilivyoendelea nkajua ni uvimbe. Siku nimetolewa nyuzi nkaloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu karibu nusu saa, nautoa hivi, vidole vyote vimekunjamana kama kawaida ya maji, hiki upande mmoja umekunjamana, upande wa pili laini kabisa, mkavu, kama umechorwa mstari katikati. Ndo nkajua hapa kuna kitu.

ZUHURA: Subiri, hapo tusipite haraka. Kule kukunjamana kwenye maji ni kazi ya neva, si ya ngozi peke yake, neva ikikatwa ngozi haikunjamani na jasho pia halitoki, madaktari wamekitumia hicho kipimo tangu miaka ya 1970, hasa kwa mtoto mdogo ambaye hawezi kukueleza anasikia nini. Na kwa nini upande mmoja? Manake kila kidole upande wa kiganja kina neva mbili, moja huku moja kule, wewe ulikata moja.

BARAKA: Ya upande wa gumba. Ambayo ndo unaitumia kila ukishika kitu! Kufunga kifungo cha shati nilikuwa lazima niangalie. Basi daktari wa pili akanifungua tena, akashona neva chini ya hadubini, baadaye akanionyesha picha, neva yenyewe nyembamba kuliko njiti ya kiberiti na uzi wa kushonea mwembamba kuliko unywele. Nami kwa akili zangu nkasema haya, waya umeungwa, kesho taa inawaka.

ZUHURA: Hapo ndo wengi tunakosea, neva si waya. Daktari Mwingereza Augustus Waller alilionyesha hili mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura, kwamba ukikata neva, kipande kilichotenganishwa na seli yake kinakufa chote. Kinabaki kama bomba tupu. Sasa seli yenyewe haikai kidoleni, iko huku juu pembeni ya uti wa mgongo, eneo la shingo, inatuma uzi mmoja mrefu unateremka mkono mzima mpaka ncha ya kidole. Daktari anachoshona ni ganda la nje. Nyuzi za ndani inabidi ziote upya zenyewe, zivuke pale paliposhonwa, ziingie kwenye yale mabomba, ndo zianze safari ya milimita moja hivi kwa siku.

BARAKA: Milimita moja. Mi nilikuwa na kama sentimita saba za kwenda.

ZUHURA: Fanya hesabu basi, miezi miwili na zaidi hata kama zingeondoka zote siku moja, na haziondoki zote siku moja. Pale kwenye mshono zinasuasua, moja inavuka leo, nyingine wiki ijayo, nyingine inapotea njia, na hapo ndipo muda mwingi unapotea. Sasa ndo umeme unapoingia. Profesa Tessa Gordon na wenzake, Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, mwaka 2000 walitoa utafiti wa panya, walikata neva ya paja wakaishona wakaipa umeme mdogo sana, mapigo 20 kwa sekunde, kwa saa moja tu, basi. Nyuzi za neva zinazoendesha misuli, ambazo kawaida huchukua wiki 8 mpaka 10 kuota upya zote, zikamaliza ndani ya wiki 3.

BARAKA: Saa moja dada. Mi nilivyosoma nkarudia ile sentensi mara mbili mbili. Lakini umeme unafanya nini hasa, unavuta zile nyuzi?

ZUHURA: Hauvuti, na hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Walichukua sumu ya samaki bunju, ile inayozima mawimbi ya umeme kwenye neva, wakaiweka juu ya pale wanapopitisha umeme, yaani kati ya waya na seli. Faida yote ikapotea! Kwa hiyo kumbe ujumbe unapanda juu kwenye seli. Seli inapata mapigo, kalsiamu inaingia, inaanza kutengeneza kwa wingi zile protini za ukuaji, BDNF na wenzake, na malighafi ya kujengea uzi mpya. Unaiamsha kule shingoni ili ifanye kazi kidoleni.

BARAKA: Na ndo maana suala la ganzi ni muhimu, manake kama sindano ya ganzi bado inafanya kazi hapo juu ya mshono, ujumbe haupandi.

ZUHURA: Sawasawa, hilo daktari lazima alipange.

BARAKA: Sasa kwa watu. Kundi hilohilo la Alberta mwaka 2015 walitoa utafiti wa vidole kabisa, watu 36 waliokatika kabisa neva ya kidole, kwa bahati nasibu 18 wakashonwa tu, 18 wakashonwa halafu wakapata ile saa moja ya mapigo 20 kwa sekunde baada ya upasuaji. Ilipofika miezi mitano sita wale wa umeme walikuwa mbele kwenye vipimo vyote vya kuhisi, baridi wanaisikia, mguso mwepesi wanausikia, na wanatofautisha ncha mbili zilizo karibu karibu.

ZUHURA: Ila tuwaambie watu yote. Kwenye matumizi ya mkono ya kila siku tofauti ilionekana kuelekea kwao lakini haikuwa kubwa ya kutosha kitakwimu, na watu 36 ni wachache. Mi naamini hii kitu, kweli naiamini, lakini sitaki mtu atoke hapa akaenda kugombana na daktari wake.

BARAKA: Wala asiende kununua kile kimashine cha pedi za kubandika cha maumivu ya mgongo akajibandikia kidole. Tafadhali sana. Hapa waya unakaa pembeni ya neva yenyewe, na umeme unapandishwa taratibu mpaka usikie msisimko bila maumivu. Na kurefusha pia hakusaidii, kwa panya waliona saa moja inafanya vizuri kuliko masaa matatu au siku nzima.

ZUHURA: Wengine hata wamejaribu dakika 10, kwa panya pia, na imeleta matokeo, hiyo ingerahisisha sana manake chumba cha upasuaji huwezi kukikalia saa nzima ya ziada.

BARAKA: Mi hata dakika moja sikupata, na simlaumu daktari aliyenishona, alinisaidia sana. Kila nikirudi kliniki alikuwa ananigongagonga kidole kuanzia kwenye kovu kwenda kwenye ncha, pale ninaposikia kama sisimizi wanatembea anaweka alama ya kalamu, ndo nyuzi zilipofika. Wiki sita za mwanzo alama haikusogea. Dada, nililia. Halafu siku moja ikasogea upana wa punje ya mchele.

ZUHURA: Na sasa ni mwezi wa ngapi?

BARAKA: Wa nane. Kila jioni nafumba macho napapasa kitambaa, sandpepa, ufunguo, halafu nafumbua naangalia nilichoshika, ubongo ujifunze upya.

ZUHURA: Lete hapa. Nimekunja kibanio cha karatasi, kina ncha mbili. Fumba macho. Sasa?

BARAKA: Mbili.

ZUHURA: Hiyo ilikuwa milimita 10. Na hapa?

BARAKA: ...Moja.

ZUHURA: Zilikuwa mbili, milimita 7. Mwenye neva nzima anazijua hata chini ya 6.

BARAKA: Mwezi uliopita hata 10 sikuipata. Rudia.