Spana na grenda: usafishe kwa dawa gani?

Karibuni tena ndugu zangu. Leo tuko Mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwenye banda ninamotengeneza mashine za boti. Mezani kuna spana, plaizi na grenda, vyote vichafu. Kabla hujashika dawa yoyote, angalia kwanza: uchafu wenyewe ni upi, na umekaa juu ya chuma au plastiki?

Tuanze na sabuni. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Sugua hapa mdomoni mwa spana. Sogea karibu uone: povu limekuwa jeusi, na ile namba ya saizi, 17, imeanza kusomeka. Mafundi wengi tunaidharau sabuni, lakini kazi nyingi inazimaliza yenyewe. Suuza, kausha papo hapo, paka oili kidogo. Hewa ya ziwani ina unyevu. Ukilaza chuma kibichi, asubuhi unakuta kutu.

Grisi iliyoganda ikigoma, lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa. Vaa glovu, fungua mlango, na moto usiwe karibu. Petroli hapana, tafadhali. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni huuoni, mpaka ukute jiko la mama lishe au cheche za jirani anayechomelea.

Plaizi hii ina kutu. Iloweke kwenye siki usiku kucha, kesho isugue kwa brashi ya waya, suuza, kausha, paka oili. Jiki usiitumie: inakula chuma, na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini, inaumiza mapafu vibaya sana.

Sasa grenda. Chomoa plagi, iweke mezani uione kwa macho. Brashi kavu ipite kwenye matundu ya hewa, maana vumbi la chuma likijaa humo mota inachemka. Bodi ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Tina ya rangi usiguse. Mimi niliwahi kufutia drili yangu. Plastiki ikalainika, ikawa inanata vidoleni, baadaye mpini ukapasuka nikiwa kazini.

Mafuta ya taa machafu usimwage ziwani. Maji ya bombani hapa Mwanza yanavutwa humo humo, kwenye vituo kama cha Capripoint. Yaweke kwenye kidumu chenye mfuniko. Tope likishatulia chini, yale ya juu utayatumia tena wiki ijayo.