Martha Karua: Koti la Uwakili Halikuvuliwa

Wanangu wa mwaka wa pili, walio nyuma sogeeni mbele, sauti yangu leo imekauka.

Leo sikuleta vifungu vya sheria, nimeleta mtu. Martha Karua, mzaliwa wa Kirinyaga, 1957. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa hakimu, kisha mwaka 1987 akaacha kazi ya serikali akafungua ofisi yake ya uwakili. Utazameni huo mwaka. Chama ni kimoja, na wakili anayemtetea adui wa serikali naye anatiwa kwenye daftari. Yeye akaingia katika timu iliyomtetea Koigi wa Wamwere, mpinzani wa serikali, kwenye kesi ya uhaini. Uhaini, jamani! Adhabu yake ni kitanzi.

Mwaka 1992 akautaka ubunge wa Gichugu. Kwenye mchujo wa chama aliangushwa na Geoffrey Kareithi, aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma, mtu mwenye pesa na jina. Wazee wa chama kingine, Democratic Party, wakampa tiketi yao, akashinda, akabaki bungeni hadi 2013. Uwaziri wa maji nitauruka. Aprili 2009, akiwa waziri wa sheria, majaji waliteuliwa bila yeye kushauriwa. Akaandika barua akaondoka. Kwetu waziri hufutwa. Wa kujifuta mwenyewe humpati kila siku.

Lakini kilichonileta hapa ni cha 2017. Aligombea ugavana wa Kirinyaga akashindwa na Anne Waiguru, akaenda mahakamani kupinga matokeo. Mahakama Kuu ikaitupa kesi kwa kasoro za utaratibu, ushahidi haujasikilizwa. Akakata rufaa, akashinda: rudini mkaisikilize. Kurudi, anaambiwa miezi sita ya kisheria ya kuamua kesi ya uchaguzi imekwisha, kesi imekufa. Mnaona mtego? Makosa ni ya mahakama, saa inayokwisha ni ya mlalamikaji. Mahakama ya Juu nayo, 2019, ikasema muda ni muda.

Wengi wetu tungekunja faili hapo, tena mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alilibeba mpaka Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Novemba 2020 majaji wakasema Kenya, kupitia mahakama zake, ilimnyima haki ya kusikilizwa, wakaamuru alipwe dola 25,000. Kiti cha gavana hakikuguswa. Waiguru alishakikalia miaka mitatu.

Mwaka 2025 aliingia mahakamani Kampala kumtetea Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, na Mei mwaka huohuo alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akiwa njiani kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu, mpinzani wa Tanzania, akarudishwa Nairobi. Miaka 67 hiyo.

Haya, fungueni Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 75. Wewe wa dirishani, tusomee kuhusu miezi sita, polepole.