Saa Arobaini na Nane za Kwanza: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Sheria wa Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Mabwana na mabibi mahakimu, wenzangu wa Baraza la Mawakili la Haut-Katanga, walimu, wazazi mliosindikiza watoto, na ninyi wanafunzi, asanteni kwa kunialika.

Hapa kwetu ukisema unakwenda Kasapa, mtu ana haki ya kukuuliza: chuoni au gerezani? Vyote viwili viko upande huo. Mwanafunzi wa sheria na mama anayempelekea bukari (ugali) mtoto wake aliyefungwa wanaweza kupanda teksi moja. Leo nimekuja kumsemea yule mama mbele ya yule mwanafunzi.

Ombi langu ni moja. Jifunzeni mwenendo wa kesi kabla ya mambo mengine, na mkaanzie kazi pale kesi ndogo zinapoanzia: kwenye kasho, yaani mahabusu ya polisi, na mahakama ya amani. Najua wengi mmeingia sheria mkiwaza ofisi ya kampuni ya shaba na kobalti. Nitafika huko. Kwanza nisikilizeni habari ya simu kumi.

Mfanyabiashara wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anampa kijana wa komini ya Katuba simu kumi. Mwezi unakwisha, pesa haijaonekana. Mfanyabiashara haendi mahakamani, anakwenda polisi, na jioni kijana yuko kasho. Kwenye karatasi wameandika kosa la kutumia vibaya mali aliyoaminiwa, kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu: miezi 3 hadi miaka 5. Nyumbani wanachangishana pesa ya kumtoa. Dada yake anakuja kwako analia, na wewe umekula kiapo juzi tu. Utauliza nini?

Utauliza hivi: siku ile mlipatana vipi? Kama kijana alinunua kwa mkopo, simu zilikuwa zake tangu siku hiyo, kilichobaki ni deni. Na deni peke yake halimfungi mtu. Kifungu cha 11 cha Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa, ambalo nchi yetu ilijiunga nalo mwaka 1976, kinakataza hilo waziwazi. Lakini kama alipewa simu aziuze kwa niaba ya mwenyewe na kumletea pesa, au azirudishe, hapo kifungu cha 95 kinaweza kuwa na mguu wa kusimamia. Simu ni zilezile, kijana ni yuleyule. Yote yanategemea maneno machache waliyoambiana dukani. Avoka (wakili) asiyeuliza swali hilo ataanza kutafuta pesa pamoja na familia, na hapo hana tofauti na jirani mwema.

Wakati unauliza, saa inatembea. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya mwenye mamlaka. Inasema pia aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa. Kijana wa Katuba anaelewa Kiswahili, na mahojiano yameandikwa kwa Kifaransa, chini kuna sahihi yake. Muulize nani alimsomea, na kwa lugha gani. Kifungu cha 19 kinakupa wewe njia ya kuingia: mtu ana haki ya kusaidiwa na mtetezi katika ngazi zote, tangu uchunguzi wa polisi. Ukizuiwa mlangoni, taja kifungu kwa upole, taja tena, kisha andika saa uliyofika na jina la aliyekuzuia.

Akipelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, hesabu inabadilika. Hati ya kumshika kwa muda inampa mwendesha mashtaka siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu wa kizuizi, yule anayeamua kama mtu aendelee kuzuiwa, ikiwa hakimu yuko mji huohuo. Hakimu akikubali azuiwe, amri hiyo ni ya siku 15, kisha inaongezwa mwezi mmoja mmoja. Hukumu ikitoka, siku za kukata rufaa ni 10 katika jinai, 30 katika madai. Nimeona watu wenye haki iliyo wazi kabisa wakaikosa kwa sababu waliyemwamini alihesabu vibaya. Hilo linaniuma kuliko kesi niliyoshindwa kwa hoja.

Sasa masomo yenyewe. Zamani tulisoma miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi. Ninyi wa mfumo mpya mna lisansi ya miaka 3 na masta ya miaka 2. Majina yamebadilika, ila tabia moja imebaki, nami siipendi: kukariri silabi, yaani maandishi ya somo ya mwalimu, bila kufungua sheria yenyewe. Silabi inakupeleka mtihanini. Hakimu hatakuuliza mwalimu alisema nini, atakuuliza kifungu. Kila mnaposoma ukurasa wa silabi, wekeni kando yake maandishi ya sheria, hata kwenye simu.

Tusisahau pia tulikotoka. Mwaka 1960, siku ya uhuru, mahakama zetu za sheria iliyoandikwa hazikuwa na jaji Mkongo. Marcel Lihau, mmoja wa Wakongo wa kwanza kusomea sheria, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki, mwaka 1968. Kiti unachokalia darasani, vijana wa kizazi kilichomtangulia hawakukipata.

Nirudi kwenye kampuni za madini, niliahidi. Nendeni, sizuii. Lakini ile kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inatoa 15% ya mrabaha kwa maeneo yenye serikali zake za chini, na inataka kampuni itoe walau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kampuni ina wanasheria wa kusoma vifungu hivyo. Kijiji kilicho kando ya shimo kina nani?

Mwanafunzi mmoja ameniandikia swali, nalisoma: "Staji ni miaka 2, tutakula nini?" Anasema juu ya muda wa kujifunza kazi chini ya avoka mkubwa. Swali la haki. Wapo wanaostaji wanaopata pesa ya teksi tu, na nadhani bosi wa kabine (ofisi ya mawakili) anayeweza kulipa zaidi anapaswa kulipa. Ila mwangalieni tena yule mfanyabiashara wa simu. Alikimbilia polisi kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Tangu 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria yake ya kudai madeni, iliyofanywa upya Kinshasa mnamo 17 Oktoba 2023, inamruhusu anayedai deni la hakika kuomba hakimu amri ya kulipwa, bila kesi ndefu na bila kumfunga mtu. Huyo ni mteja wako. Masoko yetu yamejaa watu kama yeye, na avoka kijana anayeandika ombi hilo vizuri ataanza kupata riziki.

Dada pale mbele anauliza kama wateja watamwamini mwanamke. Wapo watakaosita. Lakini hadi mwaka 2016 kanuni ya familia ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sheria namba 16/008 ya 15 Julai mwaka huo ikaliondoa sharti hilo. Mjane ambaye mashemeji wanamfukuza nyumbani hajui hilo, wala hajui kwamba mume au mke aliyebaki, asipooa au kuolewa tena, ana haki ya kuitumia nyumba waliyoishi pamoja. Atakuja kwako kwanza, dada yangu, kwa sababu kuna mambo hatayasema mbele yangu.

Na swali la mwisho: tununue kitabu gani kwanza? Kanuni mbili za mwenendo, ya jinai ya 6 Agosti 1959 na ya madai ya 7 Machi 1960. Zote mbili ni nyembamba. Katika ya jinai someni hasa kifungu cha 27 na vinavyofuata, kizuizi kiko hapo. Kisha asubuhi moja isiyo na somo nendeni mahakama ya amani mkakae benchi la nyuma na kalamu. Katiba inasema vikao ni vya wazi, hamhitaji ruhusa ya mtu.