Ngoma ya Mawe: Nguzo za Kalokol

ATHMANI: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu wa Mombasa na kokote mliko. Leo mimi na dadangu Mwanahawa twawapeleka mbali, hadi Turkana.

MWANAHAWA: Waaleikum salaam. Hapa kwetu ukitaja mawe ya kale, watu hukumbuka Mnara wa Mbaraki, ambako watu walipeleka ubani na marashi. Lakini nguzo za Kalokol, au Namoratunga, ni za kale zaidi ya Mbaraki kwa maelfu ya miaka.

ATHMANI: Ziko wapi hasa?

MWANAHAWA: Magharibi ya Ziwa Turkana, ukitoka mji wa Lodwar kuelekea ziwani, kando ya barabara. Nguzo 19 za mawe meusi ya volkano, nyingi zimeinama, kila moja na upande wake. Juu yake utaona vijiwe vidogo vilivyowekwa na wapita njia.

ATHMANI: Waturkana husimulia kwamba wale walikuwa watu, wako ngomani. Akaja pepo, wakamcheka, naye akawageuza mawe papo hapo. Na zile nguzo ukizitazama, kweli! Hii yarusha bega, ile yapiga hatua.

MWANAHAWA: Wataalamu nao wakaja na yao. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo zilipangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana, Kilimia ikiwemo.

ATHMANI: Kilimia hii hii ya wakulima wetu?

MWANAHAWA: Hii hii. Ila mawe yale yana usumaku, yavuta sindano ya dira. Mwanaakiolojia Robert Soper aliporudia vipimo, akayatilia shaka mahesabu yao. Mimi ile kalenda siishiki tena, kakangu. Ninaloshika ni Lothagam.

ATHMANI: Huko nako kuna nguzo?

MWANAHAWA: Ziko, magharibi hiyo hiyo ya ziwa. Mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand na wenzake walitoa matokeo yao mwaka 2018. Kuna jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, na chini yake shimo lililochimbwa mchangani hadi kwenye mwamba. Wanakadiria humo wamezikwa watu wasiopungua 580. Kazi ilianza kama miaka 5,000 iliyopita, mvua zikipungua, ziwa likishuka, na ufugaji ndio kwanza unaingia.

ATHMANI: Walizikwa wakubwa tu?

MWANAHAWA: Hapo ndipo paliponishika moyo. Watoto wachanga, wazee, wake kwa waume, wote pamoja, na karibu kila mmoja na mapambo yake. Shanga za mawe ya rangi, vipande vya meno ya kiboko. Mmoja alivikwa pambo la kichwa lenye mamia ya meno ya panya wa jangwani, yaliyotoka kwa panya zaidi ya 100! Ebu fikiri waliokaa wakiwatega, wakayang'oa meno yale madogo moja moja na kuyapanga.

ATHMANI: Subhanallah. Na kaburi la mfalme?

MWANAHAWA: Halikuonekana. Tumezoea kudhani jengo kubwa lazima liwe na bwana wa kuamrisha. Pale wafugaji walijenga wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwa mamia ya miaka.

ATHMANI: Basi ile hadithi ya ngoma haikwenda mbali. Palikuwa na mkusanyiko kweli.

MWANAHAWA: Na Waturkana walifika nguzo zikiwa za kale tayari. Hakuna aliyewaambia. Waliyatazama mawe tu, wakaona watu.